Kiti Kilikuwa Kimoja

Mapendo, mama yangu,

Mizigo yenu imekwisha kufungwa, na watu wa kanisa wamejaa uani wanaimba. Nimejificha huku nyuma ya jiko, kwenye benchi la baba yako, kabla jua halijaondoka. Nimemwambia Amani akiniulizia mtu aseme nimeenda kuchota maji. Kwa hiyo usishangae mwandiko ukikimbia.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za ile bahasha ya karatasi zenu ambayo hupaswi kuiachia hata ukienda chooni, wala jinsi ya kupika sombe katika inchi ambayo sijui kama wanalima muhogo. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Nataka kukuambia kwa nini nilitoka darasani.

Unakumbuka siku ile ya darasa la safari, lile la wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, yule binti mwalimu alipoweka kiti cha gari juu ya meza na kumfunga ndani yake mtoto wa bandia wa plastiki? Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na mjukuu wangu Ombeni mapajani. Mwalimu alisema kwamba huko mwendako, mtoto mchanga anafungwa kwenye kiti akitazama nyuma ya gari, na hiyo ni sheria. Akasema sheria ya jimbo lenu inaishia kwa watoto wachanga. Mtoto akishapita umri huo, mzazi anaruhusiwa kumgeuza atazame mbele. Lakini yeye anawashauri msimgeuze upesi, mumwache atazame nyuma mpaka kiti kisimtoshe tena, hata afike miaka minne.

Hapo mumeo Byamungu akainua mkono. "Mwalimu, juu ya nini mutoto aangalie nyuma? Nyuma tumekwisha kuiona, ni vita tu! Yeye aangalie mbele." Darasa zima likacheka. Akapata nguvu, akaendelea: "Kama sheria imeshatuachilia, miye namugeuza siku ya kwanza. Aone inchi yake mupya."

Nawe ulicheka, mama. Ulicheka mpaka ukafunika mdomo kwa kitenge. Mimi nikakuletea Ombeni, nikatoka. Uliponifuata ulinikuta bombani nanawa uso, ukanishika bega: "Mama, usilie, tutakuwa tunapiga simu." Nikakubali kwamba nalilia safari. Ilikuwa rahisi kukubali.

Sikuwa nalilia safari. Safari yenu naifurahia, hata kama nitalala siku kadhaa na kitenge chako.

Nilikuwa nimemwona Ombeni. Wakati watu wanacheka, yeye alikuwa amegeuza kichwa kumtazama baba yake, amekigeuza chote, kwa urahisi, kama ndege. Nikaitazama ile shingo.

Wewe unajua kwamba Amani aliumia kwa gari la Afande, yule askari niliyemfanyia kazi Mbarara. Ulikuwa mtoto wa shule wakati huo, umebaki Juru na baba yako. Tuliporudi kutoka hospitali ulimwona mdogo wako na kola shingoni, ukaambiwa "ajali", na tangu hapo neno hilo moja limetutosha sote. Sikukuficha kitu. Ni kwamba kila nilipotaka kukusimulia, palikuwa na maharage ya kupalilia.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu kosa langu halikuanzia Mbarara.

Tulipokimbia vita ya kwanza wewe ulikuwa na umri wa Ombeni. Tulipata nafasi juu ya lori la maharage, watu wengi, mimi nimekupakata. Fasi moja kwenye mteremko dereva akakanyaga breki, nawe ukaruka kutoka mikononi mwangu kama samaki. Ukaangukia magunia, ukaketi, ukashangaa, kisha ukaanza kulia. Hukuwa na jeraha. Wanawake walishangilia, wakasema Mungu amekudaka. Nami nilijifunza jambo kwenye lori lile, na nililojifunza lilikuwa baya: nilijiambia kwamba sikukushika vizuri. Nikakukamata kwa nguvu zaidi mpaka Uganda, mpaka kambini Kabazana walipotuandikisha, na hata baadaye tulipopewa kiwanja huku Juru bado nilikuwa naamini kwamba mama akikaza mikono mtoto haendi popote.

Niliendelea kuamini hivyo miaka mingi. Watu wote ninaowajua waliamini hivyo.

Kisha ukaja ule msimu mvua ilipokataa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, baba yako akabaki na ninyi, mimi nikaenda Mbarara kutafuta kazi na Amani mgongoni, kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Mwanamke mmoja wa sokoni akanipeleka kwenye kota za askari, kwa mke wa Afande. Huyo mke wake tulimwita Mama Kansiime, kwa jina la binti yao, ambaye alilingana na Amani. Kazi yangu ilikuwa kufua, kupika, na kuwalea hao wawili pamoja. Walikula sahani moja, wakalala mkeka mmoja. Jioni nikiwaogesha kwenye beseni, mtu asiyejua angesema ni pacha.

Afande alikuwa dereva wa magari makubwa ya jeshi. Mtu wa amri. Hata chumvi aliiomba kama anapanga gwaride. Lakini hakuwa na roho mbaya, na Amani alimpenda, alikuwa akimfuata kila akisikia buti.

Alipopata gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, lililotumika Japani, nyuma yake mlikuwa na kiti cha mtoto. Hatukujua kama wenyewe walikisahau au walikiacha makusudi. Kitambaa chake kilinukia maziwa yaliyokauka. Mama Kansiime alitaka kukiweka sebuleni amlishie mtoto. Afande akakataa.

"Hapana. Hii nakaa kwa gari. Mtoto naangalia nyuma."

Tukacheka, mimi na Mama Kansiime, kama vile mlivyocheka ninyi. Mama mzazi wa Afande alipokuja kutembea akasema kwa lugha yao kwamba mjukuu wake amefungwa kama mwizi. Mama Kansiime mwenyewe alichoka na kelele. Mtoto hakukipenda kile kiti, alitaka kumwona mama yake, na kila safari ilikuwa vita. Mara nyingi Afande akiwa kazini na gari likiendeshwa na mwenzake, mke wake alimtoa mtoto akampakata. Akaniambia, "Mama Mapendo, usiseme kwa Afande." Sikusema.

Siku moja Afande alikuwa anaosha gari, nikamwuliza juu ya nini mtoto atazame nyuma. Hakunicheka. Alikausha mikono kwenye suruali, akamwita Kansiime, akaweka kiganja nyuma ya kichwa chake.

"Ona. Kichwa ya mtoto nzito. Shingo bado, iko laini. Gari nasimama ghafla, kichwa nakwenda mbele, shingo navutika. Lakini kama naangalia nyuma, kiti nashika mgongo, nashika kichwa, yote pamoja. Shingo hapana pata kazi."

"Na mama akimushika?"

"Mama hawezi." Akachukua tena kitambaa chake. "Mimi nimetoa watoto kwa magari, Mama Mapendo. Wewe hujaona."

Niliitikia, ndiyo Afande, ndiyo. Lakini moyoni nilisema hayo ni mambo ya wenye magari. Nilikuwa na mikono yangu.

Siku ya ajali tulikuwa tunakwenda upande wa Isingiro, kwenye sherehe ya posa ya binti wa dada yake Afande. Nami nilikuwa na furaha kuliko wote, kwa sababu Mama Kansiime aliniahidi kwamba tukitoka huko watanifikisha Juru nilale nyumbani. Nilikuwa nimekununulia viatu vya shule. Afande na mkewe walikaa mbele. Nyuma alikaa Kansiime kwenye kiti chake, ametazamana na kiegemeo, na mimi pembeni yake nimempakata Amani.

Hatujafika mbali Kansiime akaanza kulia. Alimwona Amani mapajani mwangu, yuko huru, anachezea kifungo cha blauzi yangu, na yeye amefungwa. Alilia mpaka akakauka sauti. Mama yake akasema, "Mama Mapendo, mbebe kidogo tu, mpaka alale." Nami nilikwisha kunyoosha mkono kwenye mkanda.

Afande akasimamisha gari kando ya barabara, akazima kabisa.

"Nani natoa mtoto?"

Nikaurudisha mkono wangu.

"Hii gari haiendi. Mtoto nabaki kwa kiti, au turudi nyumbani."

Mama Kansiime alisonya, akageukia dirisha. Tukaendelea na kilio chetu. Nami nikamhurumia Kansiime, Mungu wangu. Nikasema moyoni: tazama, mtoto wa mwenye gari amefungwa kama mbuzi wa sokoni, na wangu, mtoto wa mkimbizi, amekaa kama mfalme. Nikamkumbatia Amani. Nilikuwa nimemkumbatia hivyo, kwa mikono miwili, kwa upendo wote, wakati mtu wa baiskeli aliyebeba matoke alipoyumba mbele yetu. Afande alimkwepa, gari likaingia mtaroni, likagonga ukingo wa udongo.

Sikumwachia. Nataka uliamini hilo, Mapendo, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuliamini. Mikono yangu haikumwachia. Alinyang'anywa. Hata sikuhisi akitoka. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika ukiwa bado umejikunja, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Amani alikuwa mbele, katikati ya viti vya wakubwa, kichwa kimelala vibaya. Halii.

Aliyekuwa analia ni Kansiime. Walipofungua mlango walimkuta kwenye kiti chake vilevile, uso kwenye kiegemeo, hana hata mkwaruzo. Alikuwa bado anadai atolewe.

Ya hospitali ya Mbarara sitayaeleza yote. Walimwekea Amani kola na mifuko ya mchanga pande mbili za kichwa, na nikakatazwa kumwinua hata kumnyonyesha. Nilikuwa nainama juu ya kitanda kwa mkono mmoja, kama mbuzi kwa mwanawe, namwinamishia ziwa. Wauguzi walizoea kuniona hivyo. Mmoja wao alikuwa akinishika kiuno nisianguke.

Baba yako alifika juu ya lori la makaa, mweusi mpaka masikioni. Afande alikuwa pale. Hakuwahi kukosa, kila jioni alikuja na sare yake, akasimama miguuni mwa kitanda, hakai. Baba yako alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Unamjua. Aliuliza jambo moja:

"Afande, kwa gari mulikuwa watoto wawili. Juu ya nini kiti kilikuwa kimoja?"

Afande akavua kofia. Akasema, "Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua mkono haishiki mtoto. Nimejua siku zote. Kwa wangu nilijua." Akaanza kulia, mtu mzima wa jeshi, wagonjwa wote wakigeuka kumtazama. "Huyu wako nilimwona kwa kioo. Nilimwona. Lakini hakuna mtu alinikataza. Ingekuwa sheria, nisingewasha gari."

Nimeyafikiri maneno hayo kuliko mahubiri yote niliyosikia. Yule mtu hakuwa mbaya. Alimlisha mwanangu mezani kwake. Lakini alichokijua kilimtosha mtoto wake tu, kikaishia hapo. Ili kimfikie na wangu kilihitaji kitu kingine cha kukisukuma. Afande aliishi kwa amri: ungemwambia gari haliondoki na mtoto mapajani, asingeliondoa hata kwa bunduki. Hakuna aliyemwambia.

Na sisi hatukumwuliza. Mimi niliyeonyeshwa shingo ya Kansiime kwa kiganja, sikuwahi kujiuliza shingo ya Amani imetengenezwa kwa kitu gani.

Amani alipona kwa namna alivyopona. Unamjua, anageuka mwili mzima kama kabati. Watoto wa Juru walimwita Komanda, naye akalikubali jina, akawa anawapigia saluti. Siku hizi anaimba sauti ya chini kwenye kwaya, na wasichana wanafikiri anasimama vile kwa maringo. Sisemi haya ili umwonee huruma. Angenikasirikia.

Sasa nikupe na upande wa pili, usije ukadhani mama yako amekuwa mtu wa serikali.

Niliporudi Juru nilikuwa na moto. Niliona akina mama wanapanda pikipiki, mtoto amekalishwa mbele juu ya tangi la mafuta, ameshika kioo, anacheka. Nikawa nashindwa kulala. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama mbele ya mwenyekiti nikasimulia habari za Amani, nikaomba iwekwe sheria kwamba hakuna dereva wa pikipiki kumbeba mtoto ambaye hajaanza shule. Watu waliguswa. Sheria ikapita siku hiyohiyo, na madereva wakaonywa kwamba atakayevunja ataadhibiwa. Nilitembea kurudi nyumbani kama niliyemrudishia Amani shingo yake.

Haikupita muda mrefu Sifa, yule binti wa jirani yetu wa bondeni, akashikwa na homa. Mama yake akatoka barabarani na mtoto anatetemeka. Dereva wa kwanza akakataa, wa pili akakataa. "Sheria ya Mama Mapendo," wakamwambia. Akatembea na mtoto mgongoni mpaka kliniki, na wewe unaijua ile njia. Sifa alifika tayari ameshikwa na degedege. Alipona, asante Mungu. Walipotoka kliniki mama yake hakwenda kwake kwanza. Alikuja kusimama uani kwangu, miguu imejaa tope.

"Sheria yako iliniacha barabarani," akaniambia. "Ulitaka nisimupandishe mutoto pikipiki. Sasa nimupandishe nini?"

Msimu mzima hakunisalimia, na sikumlaumu. Tukairudia ile sheria kwa mwenyekiti, tukaibadilisha: mgonjwa abebwe, mtoto afungwe mgongoni kwa mama yake, asikae mbele kamwe, na dereva aende polepole. Si sheria nzuri. Pikipiki ni pikipiki. Lakini inamwacha mtu na njia ya kwenda.

Basi hapo ndipo nilipofika mimi, mwanamke ambaye hana hata baiskeli. Wakiniuliza kama serikali iwalazimishe wazazi kuwafunga watoto wakitazama nyuma mpaka wawe wakubwa, nitasema ndiyo. Lakini nitasema pia, sheria ije imebeba kiti mkononi. Ikija mikono mitupu, itawashusha garini wasio na kitu, na wenye navyo watapita. Huko mwendako mwalimu alisema mgeni asiye na uwezo anapewa kiti. Kama ni kweli, basi huko mama kama yule wa Sifa hana neno. Na kama viti vipo, kwa nini sheria imwache mtoto njiani, akiwa na mwaka mmoja na kidogo, shingo ileile?

Najua Byamungu anavyoona. Tumeongea naye juzi tukichambua maharage, akaniambia, "Mama mukwe, tangu nizaliwe naamuriwa. Simama hapa, panga mustari, weka kidole hapa, ngoja. Sasa hata namna ya kumukalisha mutoto wangu niamuriwe? Nimechoka." Simcheki. Sisi ni watu tulioamriwa mengi, na amri nyingi zilitufanya wadogo. Anataka angalau ndani ya gari lake awe baba. Niliendelea kuchambua maharage, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu jibu sikulipata mpaka leo.

Jibu ni hili, umwambie kwa siku nzuri, mkiwa wawili. Amri zilizotuchosha zilikuwa zetu peke yetu. Aliyetuamuru kupanga mstari yeye hakupanga. Lakini sheria ya kiti ingemfunga na gavana wa jimbo na mjukuu wake. Ingekaa juu ya Kansiime na juu ya Amani sawasawa, siku moja, ndani ya gari moja. Mimi sheria ya namna hiyo sijawahi kuiona maishani, na ningependa mjukuu wangu aishi chini yake.

Na kuna jambo lingine ambalo wanaume hawaliwazi. Ombeni atalia. Atalia kama Kansiime, atataka kukuona, miguu yake itaonekana imebanwa, na marafiki mtakaowapata watakuambia, aa, mgeuze, ni mkubwa sasa, sheria inaruhusu. Utakuwa umetoka kazini, umechoka, mvua ya barafu inanyesha. Mama Kansiime alipigana na mama mkwe na mtoto peke yake, Afande akiwa kazini, na ndiyo sababu alishindwa. Angekuwa na sheria angesema tu, si mimi, ni sheria, na ugomvi ungekwisha. Wewe kwa mwaka huu wa kwanza sheria itakusaidia kidogo, kisha itakuachia mkono. Hapo itabidi usimame mwenyewe. Ukikosa la kuwajibu, sema mama yangu amekataza. Nitakuwa mbali, hawataweza kuja kubishana nami.

Miguu isikutishe. Mtoto anakunja miguu namna yoyote, umeona anavyolala. Goti likiumia linatengenezwa.

Sitaki umwogope kila mtu wa baiskeli. Sitaki ukae garini unatetemeka. Mpande gari, mwende kanisani, mwende mkaione hiyo bahari yao. Sikuandikii ili nikutie hofu, na kama hofu ndiyo utakayoichukua katika barua hii, basi ichane. Nilichokuwa nakosa mimi hakikuwa upendo. Nilimpenda Amani mpaka kwenye mtaro. Nilidhani upendo una nguvu kuliko gari, na hakuna aliyenisimamisha kuniambia kwamba hauna. Wewe nimekusimamisha.

Wanakuja kunitafuta, nasikia sauti ya Amani inadanganya vibaya.

Imebaki ya kesho. Mchana huu nilitembea mpaka mnapopandia, basi lenu limeshafika. Nilimwuliza dereva, Mganda mmoja mnene mwenye adabu, kama ndani kuna kiti cha mtoto. Akanitazama kama naomba kitanda.

"Nyabo, mama, hii ni basi. Mtoto nakaa kwa mama yake."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, pale kwenye ngazi, na watu wanapita na mabegi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa mama, mimi nifanye nini? Kiti hakuna." Hilo nalo ni kweli. Nikamwomba kitu kimoja, akakubali: safu ya katikati, mbali na mlango na kioo cha mbele, ameweka koti lake juu ya viti vyenu ili asikae mtu mwingine. Akaniahidi ataenda polepole mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe, na nilipogeuka kuondoka akaniita, akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Ombeni.

Kwa hiyo kesho utampakata, mama yangu, maana hakuna njia nyingine. Mfunge kwa kitenge kifuani pako, uso kwako, na wewe ufunge mkanda kama upo. Mpakate kama nilivyokupakata, ukijua lile ambalo mimi sikulijua. Nami nitakaa na simu ya Amani mkononi, sitapalilia, sitapika, mpaka uniambie mmeshuka.

Mama yako,
Mama Mapendo